Hesabu Chini ya Mtutu

Mchumi anayetumikia utawala wa mabavu hujitetea kwamba kazi yake ni hesabu, bunduki ni za wengine. Utetezi huo unapimika vizuri Nyeri, katika Kenya iliyotawaliwa na Uingereza. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na ingawa gavana alibaki kuwa raia, kuanzia 1954 Baraza la Vita ndilo lililoongoza mapambano dhidi ya waasi wa Mau Mau. Mwaka huohuo ukatoka mpango wa Roger Swynnerton, ofisa wa kilimo aliyebeba kazi ya mchumi: vipande vya ardhi vilivyotawanyika viunganishwe, mwenye shamba apewe hati, naye Mwafrika apanuliwe nafasi ya kulima kahawa. Uingereza ilitoa pauni milioni 5.

Kwenye karatasi, hoja zilikuwa na mashiko. Mashinani, watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa na homugadi, askari wa Kiafrika waliounga mkono serikali, na wanawake wakachimba matuta kwa kazi ya lazima. Kamati za ardhi zilipokaa kuamua mipaka, wengi waliohusika walikuwa kizuizini. Aliyesikilizwa ni jirani aliyeshirikiana na serikali. Ahoi, waliolima kwa ridhaa ya wenye ardhi, wakapoteza hata haki hiyo. Mpango wenyewe ulikiri kwamba ungezaa tabaka la wenye ardhi na la wasio nayo, ukaliona hilo hatua ya kawaida ya maendeleo. Kwa hiyo mabavu yalikuwa sehemu ya hesabu: aliyefungwa katika kambi ya Manyani hawezi kubishania mpaka wa shamba lake.

Atatokea wa kusema kwamba kahawa ilisomesha watoto wa Othaya na Mathira, hukohuko Nyeri. Ni kweli, lakini faida ya aliyepata haifuti hasara ya aliyenyang'anywa, na kahawa haikuhitaji mtu afungwe ndipo iote. Mwingine atasema kwamba Swynnerton angekataa, angekuja mbaya zaidi. Huenda, ila hoja hiyo humwokoa kila mtumishi wa kila dhalimu, na kinachomsamehe kila mtu hakipimi mtu yeyote. Mtaalamu halazimiki kujiuzulu kila mara. Analazimika kuuliza ni nani hayupo kikaoni, na kungoja arudi kabla mpaka haujaandikwa. Asipongoja, dhuluma hiyo ni yake pia, hata kama hakuwahi kushika bunduki.