Masomo ya Juu na Haki ya Nyumbani

Leo nataka tufikiri pamoja swali moja ambalo zamani lilikuwa la watu wachache sana, na siku hizi limeingia hata katika nyumba zetu hapa Kigera. Swali ni hili: Mtu mzima aliyekwisha kupata kazi, mwenye ndoa na watoto na wazazi, akirudi tena chuoni kutafuta shahada ya pili au ya tatu, je, ana haki ya kuwaambia jamaa zake, "Ningojeni"? Au kusema hivyo ni kuwaacha?

Swali hili si la watoto. Mtoto akienda shule, watu wa nyumbani humwona kuwa ni mtu wa kupewa. Bali mwanafunzi mzima huonekana kuwa ni mtu wa kutoa. Aamkapo asubuhi, msimamizi wa masomo ataka sura aliyoahidiwa. Mwenye nyumba ataka kodi. Chuo chataka ada. Mtoto ana homa. Na kabla ya adhuhuri simu imelia mara tatu kutoka nyumbani: mmoja amefiwa, wa pili anaoza binti, wa tatu ataka fedha za mbegu. Katika haja hizo hakuna hata moja iliyo mbaya, na hiyo ndiyo sababu ya ugumu wake. Jema likishindana na baya, dhamiri yajua njia. Lakini jema likishindana na jema, mtu husimama njia panda.

Jambo hili si geni katika nchi yetu ya Mara. Julius Nyerere, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934. Kutoka hapo alikwenda Tabora, kisha Makerere, mwaka 1943 mpaka 1945. Baba yake alikuwa amefariki mwaka 1942. Aliporudi kutoka Makerere alifundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora. Basi angaliweza kukaa pale pale: alikuwa na kazi, alikuwa na mshahara, na huku nyumbani alikuwa na mama mjane na ndugu wengi. Hata hivyo mwaka 1949 alisafiri kwenda Edinburgh, katika Scotland, akasoma huko hata akapata shahada ya M.A. mwaka 1952. Kwa desturi ya chuo kile shahada hiyo ni ya kwanza, lakini aliyeisoma hakuwa kijana mchanga. Alikuwa tayari mwalimu alipoondoka.

Katika muda huo palizi ilikuja Butiama kila mwaka, na mkono wake haukuwapo shambani. Je, aliwaacha watu wake? Tazameni aliporudi. Mwezi wa Januari 1953 alimwoa Maria Waningu, mchumba wake, na huko Butiama alishika tope kwa mikono yake mwenyewe kujenga nyumba. Ndipo akaenda Pugu kufundisha. Mimi sisemi kwamba kila asomaye atakuwa Nyerere. Nasema tu kwamba kutokuwapo kwake kulikuwa na mwisho, na mwisho huo ulionekana kwa macho.

Lakini mzee mmoja wa hapa kijijini aliniuliza swali zito. Alisema, "Mwalimu, je, hamkumbuki habari ya Korbani?" Nalikumbuka. Katika Injili ya Marko twasoma kwamba Bwana wetu aliwakemea watu waliowanyima baba na mama kwa kisingizio kwamba mali yao imekwisha wekwa wakfu kwa Mungu. Mzee aliendelea, "Naona kitabu nacho kimekuwa Korbani ya vijana wetu. Ukiwaomba, wajibu: nasoma." Sikuweza kumpinga, maana wako watu wa namna hiyo. Yuko asomaye miaka saba shahada ya miaka miwili, wala haonekani msibani, wala haonekani maktabani.

Nimelifikiri neno la mzee yule siku nyingi, na jibu langu ni hili. Korbani haina tarehe, wala haisemi kweli. Hufunga mlango, na ufunguo hutupwa. Lakini ngoja ya haki ina alama mbili: husema kweli, tena hutaja siku yake. Mtu akisema, "Nina shilingi hizi tu, nami nitarudi baada ya mavuno ya pili," huyo hakumwacha mzazi wake. Wajibu wake hakuuvunja, ameuahirisha mbele ya mashahidi. Bali akisema "nasoma" na kunyamaza, hata kama anasoma kweli, amekwisha kuanza kuwaacha.

Na yule atoaye kila aombwacho, huku akificha hali yake, je, yeye ni mwema? Zamani nalidhani ndiyo. Na niwaambieni yaliyonipata.

Miaka kadhaa iliyopita nalipewa ruhusa kazini kwenda kusoma shahada ya uzamili katika mji wa mbali. Nilikuwa na udhaifu mmoja: sikuweza kutamka neno "Sina". Mchango wa harusi nalitoa, wa msiba nalitoa, wa paa la binamu nalitoa. Katika muhula wa pili nalitoa hata fedha ya ada, nami nikazuiliwa kufanya mtihani. Kosa lilikuwa langu, si la mtu mwingine. Mama aliponiuliza kwa simu, nalimjibu, "Salama, Mama, masomo yanakwenda vema." Nami nilipomwuliza habari zake, alijibu, "Sisi hatujambo, mwanangu. Wewe soma."

Kumbe siku zile mama alikuwa amelala kitandani. Alikuwa ameteleza juu ya mawe ya ziwani, ana ndoo ya maji kichwani, akavunjika mguu. Mganga wa mifupa aliufunga, na mguu ukaunga kombo. Fedha za kumpeleka hospitali zilikuwapo kidogo, lakini alikataa, akasema ziwekwe kwa ajili ya ada yangu. Tena akawakataza wadogo zangu wasinipe habari. Nilirudi likizoni nikamkuta ana mkongojo. Akasema, "Nalidhani ukijua utaacha masomo." Nikasema, "Nami nalidhani ukijua kwamba nimekosa mtihani utahuzunika." Tukatazamana, wala hapana aliyeweza kumlaumu mwenzake.

Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humwumbua." Sisi hatukuumbuliwa na kifo, twashukuru, lakini tulidanganyana kwa upendo, na uongo ule uliupotosha mguu ambao kweli ingaliweza kuunyosha. Nilimaliza masomo mwaka mmoja nyuma ya wenzangu. Leo shahada imo sandukuni, na mkongojo wa mama uko mlangoni, nami huuona kila nitokapo.

Kwa hiyo nawashauri ninyi mnaotaka kwenda. Kwanza, kabla hamjafunga mizigo, ketini na wazee. Wapeni hesabu kamili: masomo ni miaka mingapi, ada ni kiasi gani, chakula kiasi gani, na kinachobaki ni nini. Semeni waziwazi, "Kila mwezi nitamletea mama kiasi hiki. Michango ya harusi sitatoa mpaka nirudi. Msiba wa nyumba yetu nitakuja." Ahadi ni deni, afadhali ndogo inayolipwa kuliko kubwa inayokimbiwa.

Pili, gaweni siku. Saa za alfajiri, akili ikiwa haijachoka, ziwe za kitabu. Simu za nyumbani zijibiwe jioni. Chagueni ndugu mmoja mwenye busara awe na ruhusa ya kuwapigieni saa yo yote pakiwa na jambo kubwa.

Tatu, msingoje siku yenye nafasi ndipo mwandike, kwa maana siku hiyo haiji. Haba na haba hujaza kibaba. Ukurasa mmoja kila siku, kwa siku mia moja, ni kurasa mia moja. Na ukurasa ukiwa mbaya, upelekeni kwa msimamizi vivyo hivyo. Kumkimbia msimamizi kwa aibu ni ugonjwa ule ule wa kumficha mama habari.

Nne, laleni usingizi, na siku ya mapumziko pumzikeni. Mtumbwi usiopandishwa ufukweni kukaguliwa huzama na samaki wake.

Nanyi mnaobaki nyumbani mna wajibu wenu. Sisi ni wakulima wa mihogo na mtama. Jirani akiwa katika palizi, asipokuja ngomani, hatumwiti mchoyo, kwa sababu twajua kwamba magugu hayangojei. Basi mwanafunzi mzima yumo katika palizi yake, ila shamba lake hatulioni. Msimhesabu kwamba ana mshahara mbili kwa kuwa anatafuta shahada mbili. Na kama asomaye ni mwanamke, mkumbuke kwamba jungu na mtoto havikumpa likizo; mumewe na ashike ndoo, wala hatapungukiwa na heshima. Zaidi ya yote, mkiugua mwambieni. Ana haki ya kujua, hata kama hana cha kuleta.

Basi narudi kwenye swali letu. Mtu mzima asomaye aweza kusema, "Ningojeni," na neno hilo si dhambi. Lakini na aseme kwa nini, na mpaka lini, na siku hiyo ikifika aonekane njiani anarudi. Nao wanaomngoja wasimfiche kilio chao wakidhani wanamsaidia. Mama yangu na mimi tumekwisha kuagana hivyo. Sasa mdogo wangu wa mwisho ajitayarisha kwenda kusoma mwakani. Juzi mama alimwita, akaweka mkongojo wake juu ya magoti, akamwambia, "Wewe, tutaambiana kweli."