Mwenye Shamba Alipogeuzwa Mdai

Wapanda farasi wawili waliishika kamba ya ngozi, kila mmoja na ncha yake iliyofungwa kwenye kijiti. Wa kwanza alichoma kijiti chake ardhini. Wa pili akatoka mbio mpaka kamba ikanyooka, akachoma cha kwake, kisha yule wa kwanza akampita kwa kasi. Kamba ilikuwa na urefu wa vara 50, kama mita 42 hivi. Ndivyo mashamba ya ng'ombe ya California yalivyopimwa nchi ile ilipokuwa chini ya Mexico. Ngozi ikilowa huvutika na ikikauka hujikunja, lakini hilo halikumsumbua mtu, maana ardhi ilikuwa tele na wafugaji wachache. Mpaka ulitajwa kwa mto, kwa mwaloni mkubwa, kwa jiwe au kwa ukingo wa kilima. Mwishoni hakimu alimshika mwenye shamba mkono na kumwingiza katika ardhi yake, naye akang'oa majani, akavunja matawi na kurusha mawe huku majirani wakishuhudia. Karatasi nazo zilikuwepo: ombi kwa gavana, idhini ya gavana, na ramani ya kuchorwa kwa mkono yenye vilima, vijito na miti.

Kwa watu wa mahali pale hayo yalitosha. Jirani aliujua mpaka wa jirani, na palipotokea ugomvi wazee waliitwa kusema walichokiona.

Tarehe 2 Februari 1848, katika mji wa Guadalupe Hidalgo karibu na jiji la Mexico, vita baina ya Mexico na Marekani vilimalizwa kwa mkataba. Marekani ililipa dola milioni 15 ikachukua nchi kubwa iliyokuwa na California, New Mexico na maeneo mengine mapana ya magharibi. Kifungu cha 8 cha mkataba kiliahidi kwamba mali za Wamexico waliokuwa katika nchi hizo zitaheshimiwa. Kifungu cha 10 kilizungumzia moja kwa moja ardhi zilizogawiwa na serikali ya Mexico, lakini Seneti ya Marekani ilikifuta. Mexico ilipoonyesha wasiwasi, wajumbe wa Marekani walitia saini maelezo huko Querétaro, Mei mwaka huohuo, wakisema kwamba kukifuta kifungu hicho hakukuwa na maana ya kuzibatilisha hati halali.

Siku chache kabla ya mkataba kutiwa saini, dhahabu ilikuwa imeonekana Coloma, California. Maelfu kwa maelfu ya watu wakamiminika California, na wengi waliokosa dhahabu wakaanza kutafuta shamba.

Machi 1851 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyosimamiwa na Seneta William Gwin. Kila mwenye ardhi iliyotokana na Hispania au Mexico alitakiwa kuwasilisha dai lake mbele ya makamishna watatu katika muda wa miaka miwili. Asiyefika, ardhi yake ingehesabiwa kuwa ya umma. Aliyefika alipaswa kuthibitisha kila kitu: hati, mipaka, mamlaka ya gavana aliyetoa, na kama masharti ya ugawaji yalitimizwa. Tume ilikaa karibu muda wake wote San Francisco, safari ya siku nyingi kwa watu wa kusini. Ilipokea madai 813 na kukubali zaidi ya 600. Ila kushinda mbele ya tume hakukuwa mwisho, kwa kuwa kesi iliweza kwenda mahakama ya wilaya na hatimaye Mahakama Kuu huko Washington, kisha upimaji mpya, kisha pingamizi juu ya upimaji. Kwa wastani, tangu dai kuwasilishwa mpaka hati ya mwisho kutolewa, ilipita miaka 17.

Hapa ndipo lilipo swali linalozidi historia ya jimbo moja. Mtu anapokaa juu ya ardhi kwa haki inayotambuliwa na watu wake, je, haki hiyo inakuwepo hata kama mtawala mpya hajaikagua, au inazaliwa siku mtawala anapoigonga muhuri?

Msomaji aliyekulia karibu na mahakama ya kadhi anaijua kanuni ya zamani: ushahidi ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekana. Mafakihi waliongeza kwamba kitu kilicho mkononi mwa mtu huhesabiwa kuwa chake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kwamba hali iliyokuwepo hubaki ilivyo mpaka ije hoja ya kuiondoa. Sheria za Kiingereza zilizorithiwa na Marekani nazo zilimlinda mkaaji kwa namna hiyohiyo, kwa kumtaka anayetaka kumtoa aonyeshe kwanza haki iliyo bora zaidi. Sheria ya 1851 iliipindua kanuni hiyo. Mwenye shamba alilala mmiliki akaamka mdai. Serikali, ambayo jana haikuwa na kitu pale, ikakaa upande wa anayekana.

Wapo waliosema hakukuwa na ubaya wowote. Mwanafalsafa Jeremy Bentham alifundisha kwamba mali na sheria huzaliwa pamoja na hufa pamoja, na kwamba kabla ya sheria hakuna mali. Kwa mtazamo huo, dola ikibadilika ni lazima haki zote zipitie mlango wa dola mpya. Waswahili nao wana neno linaloelekea huko: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hoja hiyo ina nguvu, na California ilitoa sababu ya kuisikiliza. Mfanyabiashara Mfaransa José Yves Limantour alileta hati zilizompa sehemu kubwa ya jiji la San Francisco, na mwaka 1856 tume ikazikubali. Miaka miwili baadaye Jaji Ogden Hoffman alizitupa baada ya kubainika kwamba mihuri yake ilikuwa ya kughushi. Huko Arizona, James Addison Reavis alitunga ukoo mzima wa kimwinyi wa Kihispania, akapenyeza nyaraka bandia katika hifadhi za kumbukumbu, akadai ardhi ya karibu ekari milioni 12 na kuwatoza watu fedha kwa miaka mingi mpaka mahakama ilipomkatalia mwaka 1895, baadaye akafungwa. Bila ukaguzi, wezi wa namna hii wangemiliki miji.

Palikuwa pia na hoja ya walowezi wenye jembe. John Locke, katika vitabu vyake juu ya serikali vya 1689, alifundisha kwamba kazi ya mikono ndiyo inayomfanya mtu awe na haki juu ya ardhi. Mlowezi aliyeona ng'ombe wakizurura katika nyika isiyolimwa alijiona kuwa ndiye mwenye haki. Henry George, mwandishi wa habari aliyeishi San Francisco, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha 1879: kwake, kuhodhi ardhi kulikuwa chanzo cha ufukara katikati ya utajiri, awe anayehodhi ni mfugaji wa Kimexico au kampuni ya reli. Wala mashamba yale hayakuwa na historia safi. Mengi yalitolewa baada ya 1834, misheni za Wafransisko ziliponyang'anywa ardhi ambayo sehemu yake iliahidiwa wenyeji wa asili. Ahadi hiyo haikutimizwa. Wakubwa na jamaa zao waligawana.

Hata hivyo, ukaguzi ni jambo moja, na kumbebesha mzigo mtu uliyemwahidi ulinzi ni jambo jingine. Kuwanasa kina Limantour kulihitaji wachunguzi na nyaraka za serikali, na serikali ilikuwa nazo zote mbili. Haikuhitaji kumlazimisha kila mjane mwenye zizi auze ng'ombe ili amlipe wakili. Daftari ni la mwenye mali ajilinde dhidi ya usahaulifu. Mwenye nguvu hawezi kulifanya mtego kisha akasema ametenda haki.

Mfano wa Mariano Guadalupe Vallejo unauma kwa sababu alikuwa rafiki wa Wamarekani. Alizaliwa Monterey mwaka 1807, akawa kamanda wa kaskazini ya California, na alipenda nchi yake iungane na Marekani. Wamarekani walioasi Sonoma mwaka 1846 walimkamata na kumfunga, naye bado hakugeuka: mwaka 1849 alikaa katika mkutano uliotunga katiba ya California. Kisha akapeleka dai la shamba la Soscol, lenye zaidi ya ekari 80,000, alilopewa na gavana kwa mahitaji aliyoipatia serikali. Tume ilikubali. Mahakama ya wilaya ikakubali. Mahakama Kuu ikakataa, kwa hoja kwamba gavana hakuwa na mamlaka ya kuuza ardhi kwa namna ile. Kufikia wakati huo sehemu za Soscol zilikwisha kuuzwa, na watu walikuwa wamejenga wakiwa na hati zilizotoka kwa Vallejo. Mwaka 1863 Bunge lilitunga sheria maalumu ya kuwaruhusu wanunuzi hao waipate ardhi ileile kwa kuilipa serikali, yaani walipe mara ya pili.

Na mkataba je? Mwaka 1889, katika kesi ya Botiller dhidi ya Dominguez, Mahakama Kuu ilijibu waziwazi. Hati ya shamba la Las Vírgenes ilitoka kwa Mexico tangu miaka ya 1830, lakini haikuwasilishwa mbele ya tume. Mahakama ilisema imepotea. Kama sheria ya Bunge ilivunja mkataba, hilo lilikuwa jambo la kuzungumzwa baina ya serikali mbili, si la mahakama kulitengeneza. Ahadi ilitolewa kwa ajili ya watu, lakini watu hao hawakuwa na mlango wa kuidai.

Ilikuwepo njia nyingine, na mahakama hiyohiyo ilikwisha kuionyesha. Mwaka 1833, katika kesi ya Percheman iliyohusu ekari 2,000 za Florida, Jaji Mkuu John Marshall alieleza kwamba nchi inapopita mikononi mwa dola nyingine, watu hubadili utii wao lakini mali zao hubaki kama zilivyokuwa. Ila Marshall huyohuyo, mwaka 1823, aliamua katika kesi ya Johnson dhidi ya M'Intosh kwamba wenyeji wa asili wana haki ya kukaa tu, na umiliki ni wa dola ya Kikristo iliyoivumbua nchi. Fundisho hilo lilijengwa pia juu ya matamko ya Mapapa wa karne ya 15. Vatikani ililikana rasmi Machi 2023, miaka 200 baada ya Marshall.

Gharama ya fundisho hilo inaonekana vizuri zaidi Kupa, kijiji cha Wacupeño kando ya chemchemi za maji moto, kusini ya California. Walikuwepo kabla ya Mexico na kabla ya Hispania. Sheria ya 1851 iliwaagiza makamishna watoe ripoti juu ya ardhi za wenyeji, lakini kwa ajili ya Kupa halikuwasilishwa dai lolote. Mikataba 18 iliyofungwa na makabila ya California mwaka 1851 na 1852 Seneti ilikataa kuipitisha, ikawekwa chini ya siri mpaka 1905. Ndipo mwaka 1901, katika kesi ya Barker dhidi ya Harvey, Mahakama Kuu ikasema Wacupeño walipoteza haki kwa kutowasilisha dai miaka ya 1850. Kiongozi wao, Cecilio Blacktooth, aliulizwa wangependa kuhamia wapi. Alionyesha makaburi, akaeleza kwamba pale wamelala baba zao na babu zao, na kwamba hawataki mahali pengine popote. Mei 1903 walipakiwa katika magari ya kukokotwa wakapelekwa Pala, safari ya siku tatu.

Katika Kitabu cha Wafalme, Nabothi anakataa kumwuzia mfalme Ahabu shamba la mizabibu kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Kinachotisha katika kisa hicho ni utaratibu: barua zenye muhuri, wazee wa mji, mashahidi wawili, hukumu. Kila kilichohitajika kisheria kilikuwepo, na nabii Eliya bado alikwenda kumwambia mfalme kwamba ameua na kunyang'anya. Mafundisho ya dini hayakuuona usahihi wa taratibu kuwa unatosha.

New Mexico ilikutana na jambo gumu zaidi, kwa kuwa huko ardhi nyingi ilikuwa ya kijiji kizima. Mwaka 1794 Lorenzo Márquez na wenzake 51 walipewa ardhi ya San Miguel del Vado kwenye mto Pecos: kila familia kiwanja na shamba la kumwagilia, na malisho, kuni na maji kwa wote. Mahakama ya Madai Binafsi ya Ardhi, iliyoundwa 1891, ililikubali dai la ekari kama 315,000, lakini mwaka 1897 Mahakama Kuu iliutengua uamuzi huo na kuwaachia wanakijiji ekari kama 5,000, yaani mashamba na viwanja. Malisho ya pamoja yalisemwa kuwa mali ya mfalme wa Hispania, kwa hiyo yamerithiwa na Marekani. Sheria iliyomjua mmiliki mmojammoja haikuweza kuona jamii inayomiliki. Baadhi ya ardhi za aina hiyo leo ni misitu ya taifa.

Madai hayajazimika. Mwaka 1963 Reies López Tijerina, aliyekuwa mhubiri wa Kipentekoste, aliunda chama cha warithi wa ardhi hizo, na Juni 1967 watu wake waliivamia mahakama ya Tierra Amarilla wakiwa na silaha. Mwaka 2004 jimbo la New Mexico lilizitambua jumuiya hizo za ardhi kuwa vyombo vya serikali za mitaa. Mwaka huohuo ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti iliyosema taratibu zilifuata sheria za Marekani ingawa ziliwatesa wengi, ikaorodhesha hatua zinazowezekana: kuomba radhi, kurudisha ardhi, kulipa fidia, au kutofanya lolote. Bunge likiamua kuchagua, litapaswa kuanza na jambo lililokosewa mwaka 1851, yaani kuitaka serikali yenyewe ieleze kwa ushahidi imeyapataje malisho ya San Miguel del Vado, badala ya kuwauliza tena wanakijiji.