Nani Amwulize Mweka Hazina?

Msafiri apitaye mashambani katika nchi yetu hakosi kukiona chombo hiki: pampu ya mkono iliyosimama juu ya sakafu ya saruji, mpini wake umefungwa kwa kamba ya katani, na kando yake njia nyembamba iliyokanyagwa na akina mama waendao kuchota maji ya korongoni kama walivyochota mama zao. Ukiuliza, utaambiwa kwamba pampu imeharibika. Ukizidi kuuliza, mara nyingi utaambiwa kwamba kilichoharibika ni kipande cha mpira kisichojaza kiganja cha mkono, na bei yake haipiti bei ya kuku wawili. Basi yatupasa kuuliza neno la tatu, nalo ndilo gumu: kijiji kizima kimeshindwaje kununua kitu cha bei ya kuku wawili?

Si kwamba taifa halikujaribu. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20, kusudi ifikapo mwaka 1991 kila mwanakijiji apate maji safi mahali pasipozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulifika, lengo halikufikiwa, na mitambo mingi iliyojengwa ilikuwa imekwisha kunyamaza. Mwaka huohuo ikatolewa sera mpya iliyowataka wanakijiji waunde kamati, wachange, wawe na mfuko wao wa maji. Ilidhaniwa kwamba dawa imepatikana. Lakini vituo vya maji vya vijijini vilipohesabiwa Tanzania Bara mwanzoni mwa miaka ya 2010, zaidi ya theluthi moja vilikutwa havifanyi kazi.

Wataalamu hutaja sababu nyingi: uhaba wa vipuri, maji yaliyoshuka chini mno, chumvi ilayo chuma, fundi aliyehamia mjini. Zote ni kweli. Mimi nataka kuitaja moja isiyoandikwa sana katika taarifa, labda kwa kuwa waandikao taarifa hurudi kulala mjini.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa siku mbili katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja jina. Kamati ilikuwapo, daftari lilikuwapo, mweka hazina alikuwapo. Watu walikuwa wamechanga miezi kumi mfululizo. Kisha mpira ukaisha, na fedha hazikuonekana. Hakuna aliyesema kwamba zimeibwa. Hakuna aliyesema lolote. Pampu ikakaa kimya mwaka mmoja, hata wa pili. Nikamwuliza bibi mmoja mzee, mjane, niliyemkuta akipumzika na ndoo yake njiani: "Bibi, mbona hamkumwuliza mweka hazina?" Akanitazama kama mtu amtazamavyo mtoto aliyekosa adabu bila kujua, akasema: "Mwanangu, yule amemwoa binti wa ndugu yangu. Siku nitakapokufa, yeye ndiye atakayeshika jembe la kaburi langu. Leo nimwulize habari ya shilingi?"

Nilikuwa nimekwenda kwake na hukumu tayari moyoni, nikaondoka sina. Maana bibi yule hakuwa mwoga wala mjinga. Alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa. Maji ya korongoni yako mbali, lakini yapo. Ujirani ukivunjika, hakuna korongo la kwenda kuuchota. Mtu asiye na akiba benki, asiye na bima, ambaye hospitali iko mwendo wa nusu siku, jamaa zake ndio benki yake, ndio bima yake, ndio machela yake. Wageni wasemao kwamba watu hawa hawajali mali yao hawajapata kuwauliza wanajali nini kwanza.

Hata hivyo akina mama wanaendelea kwenda korongoni, na watoto wanaendelea kuugua matumbo. Hapo ndipo pana swali la maadili ambalo hatuwezi kulikwepa kwa kusifu undugu wetu tu: je, kumwomba ndugu yako hesabu ni kumtukana?

Wengi wetu twajibu moyoni kwamba ndiyo. Twaona kwamba aombaye hesabu amekwisha kumshuku mwenziwe, na kwamba mtu mwema humwachia mwenziwe. Lakini hebu tumtazame yule mweka hazina mwenyewe. Baadaye nilisikia kwamba sehemu ya fedha zile aliitumia kumsafirisha fundi aliyekuja mara mbili asifanikiwe, na sehemu nyingine aliishika siku mtoto wake alipozidiwa na homa, akikusudia kuirudisha. Hakupata mahali pa kuyasema hayo, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Akabaki akisalimiwa kwa heshima mchana na kusengenywa usiku. Ukimya uliokusudiwa kulinda jina lake ndio ulioliharibu, tena bila kumpa nafasi ya kujitetea.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya pampu kuletwa. Katika miteremko ya Kilimanjaro Wachaga walichimba mifereji, waiitayo mifongo, ipelekayo maji ya mtoni hadi migombani. Wageni waliofika huko katika karne ya 19 waliistaajabia. Mfereji wa udongo hubomoka kila mvua kubwa ijapo, wala hakuna mfadhili wa kuuzibua. Watumiaji waliitwa kazini pamoja, na asiyefika alitozwa faini, mara nyingi ya pombe iliyonywewa na waliofika. Huenda msomaji akacheka, lakini aitazame vema hekima iliyomo. Aliyetozwa hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Kanuni ilikuwa kongwe kuliko wote waliosimama pale, kwa hiyo hakuna jirani aliyelazimika kumnyoshea jirani yake kidole; na faini ikisha kulipwa, walikunywa pamoja. Sisemi kwamba mambo yote ya mfongo yalikuwa mema: akina mama waliotumia maji yale hawakuwa na sauti katika mabaraza yake.

Huko Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 1983 zilijaribiwa huko pampu za mkono, na kutokana na majaribio hayo, pamoja na yale ya Malawi, ikapatikana pampu iitwayo Afridev, ambayo yaweza kufunguliwa na mwanakijiji kwa spana moja. Lakini spana haikutosha. Shirika la Kenya Water for Health Organisation lilikaa na watu, na wanawake, ambao ndio wachotaji, wakafundishwa kuitengeneza pampu na wakachaguliwa kutunza fedha zake. Wachunguzi waliofika huko zaidi ya miaka 20 baadaye walizikuta nyingi zingali zikitoa maji. Mwenye kubeba ndoo alishika na ufunguo wa sanduku.

Mara ngapi tumeona kinyume chake! Gari linafika saa nne asubuhi. Kufikia saa tisa kamati imekwisha kuchaguliwa, wamepigwa picha, na wageni wameondoka. Wameacha chombo na majina ya watu saba, lakini hawakuacha njia ambayo watu saba hao wataulizwa na wenzao bila kuleta aibu.

Siku hizi pametafutwa njia nyingine. Sheria ya mwaka 2019 iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, imeweka vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vyenye mafundi na wahasibu wa kuajiriwa, na chombo kimoja chaweza kuhudumia vijiji kadhaa. Mhasibu asiye mkwe wa mtu huulizwa kwa wepesi zaidi, nami naliona hilo kuwa jema, mradi asiwe mbali mno hata asifikiwe na mtu aendaye kwa miguu. Kwingine zimefungwa dira za malipo ya kabla: unaingiza fedha, bomba linafunguka. Mtambo hauna ndugu wala haya. Lakini zamani mama aliyeishiwa aliambiwa na msimamizi, "Chota, utalipa tukivuna." Dira haina neno hilo, na sijaona bado ni nani amepewa kazi ya kulisema kwa niaba yake.

Nilipita tena katika kijiji kile mwaka uliofuata. Pampu ilikuwa ikitoa maji. Kila mwisho wa mwezi, chini ya mwembe, mwalimu wa shule alisoma hesabu yote kwa sauti, iwe kuna tatizo au hakuna: nani ametoa, nani hajatoa, kimenunuliwa nini. Mweka hazina alikuwa yuleyule. Alisimama pembeni na risiti zake mkononi, akijibu kila aliloulizwa, na fedha zile za homa alikuwa akizirudisha kidogo kidogo, imeandikwa. Mwishoni yalisomwa majina ya nyumba nne ambazo baraza lilikubali zichote bila kulipa. La yule bibi lilikuwa la kwanza. Naye akanung'unika kwa sauti kwamba hakuomba, na kwamba msimu wa choroko ukifika atalipa kama wengine.