Kuzuru Si Kupita

Wahenga walimpa mgeni siku mbili za kukirimiwa, na siku ya tatu wakamkabidhi jembe. Hawakutuambia, hata hivyo, mgeni mwenye siku tatu tu duniani kwetu azitumieje. Kwa dhahiri, hili ni swali la safari. Kwa batini, ni swali la maadili: mtu ambaye muda haumtoshi, achague lipi na aache lipi? Na kile anachokiacha, kina haki gani juu yake?

Swali hili lilinijia pale mpwa wangu, aliyezaliwa na kulelewa Maskati, alipokuja Unguja kwa siku tatu. Alikuja na karatasi yenye majina tisa: Mji Mkongwe, Maruhubi, Mtoni, Mangapwani, Dunga, Unguja Ukuu, Kizimkazi, Fukuchani, na mwisho kabisa Tumbatu, alikozaliwa bibi yake, yaani mama yangu mzazi. Siku ya tatu, jua likiwa limekwisha pinda, alifika kwetu Mkokotoni. Tulisimama pwani. Akakinyooshea kidole kisiwa kilicholala mbele yetu, akapiga picha, akasema, “Basi, Mjomba, na Tumbatu nayo tumeiona.”

Ng’ambo ya maji yale, mama yangu mdogo alikuwa ametandika mkeka tangu asubuhi.

Nilitaka kumkemea, lakini ulimi uliniwia mzito. Nani amkemee mwenziwe? Mimi niliyekuwa nikivuka tangu utotoni kwenda kuwaamkia wazee, nilikwisha pindukia miaka arobaini kabla sijazifikia gofu za Makutani, mji wa kale ulioko kisiwani humo humo. Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, aliitaja Tumbatu katika kamusi yake ya miji. Mwenyeji nisiyezidi mwendo wa mashua, sikuwa na habari. Ukaribu nao una upofu wake.

Tuseme haki: mpwa wangu hakukosa hoja. Asiyejua kama atarudi tena, kwa nini asionje kila chungu? Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia. Nani angemlaumu kijana kwa kutamani kuyaona? Tena mambo haya hayatungojei. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na aliyesema “nitaiona mwakani” akaikuta si ile. Pupa ya msafiri, basi, aghalabu huzaliwa na hofu ya kupoteza, na hofu hiyo si ya kuchekwa.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Huko Italia ya kati, miji ya kale iliyojengwa juu ya vilima ni mingi kuliko siku za likizo, na wageni huumiza vichwa wakichagua kati ya Siena, San Gimignano na Orvieto. San Gimignano imebakiwa na minara 14 kati ya mingi iliyokuwako, na wengi huingia asubuhi na kuondoka jioni ile ile. Civita di Bagnoregio, mji ulio juu ya mwamba unaomomonyoka, tangu mwaka 2013 humtoza kiingilio kila mgeni, ilhali wakaazi wake wa kudumu ni wachache mno. Mji ukishafika hapo, ni rahisi mgeni kusahau kwamba nyuma ya mlango uliofungwa yumo mtu anayepika.

Lugha yetu imetuachia mizani. Neno “kutalii” lilikuwa, kabla ya hoteli na ndege, neno la wasomaji: kutalii kitabu ni kukisoma kwa makini. Mtalii wa asili ni msomaji. Nanyi wapenzi wa ushairi mnajua: aliyefungua diwani tisa kwa siku moja hakusoma hata moja, na aliyekaa na ubeti mmoja hadi ukamkaa moyoni ana akiba. Mashairi asiyoyasoma hayakudhulumika. Yangedhulumika lau angedai kuyajua.

Hapo ndipo nionapo kiini cha jambo. Kuchagua ni kukubali kukosa, na kukosa si dhambi. Dhambi ni kukosa kisha kuandika kwamba tumepata. Kwa hiyo mwenye siku chache na achague kwanza pale anapodaiwa: penye kaburi la wazee wake, penye mtu anayemngoja, au penye jambo alilolitaabikia kulijua. Umaarufu uje baadaye, siku zikibaki. Na kwa yote yaliyosalia, aseme bila haya, “Sijafika.”

Juma lililofuata nilivuka peke yangu kumtaka radhi mama mdogo. Nilimwambia kijana alikuja hadi pwani, akakiona kisiwa, akaridhika, akarudi.

Alikuwa akichambua dagaa, wala hakuinua uso. “Hakunijia?”

“Hakukujia, mama.”

“Basi usiseme hakuja,” alinisahihisha. “Sema hajaja.”

Maneno hayo nimempelekea mpwa wangu Maskati.