Safu zilizojaa kwa amri

Kwa nini Mungu, akijua tutaharibu, alituachia hiari? Wazee wa Handeni na Korogwe wana pa kuanzia. Mwaka 1967, katika andiko lake Ujamaa Vijijini, Rais Nyerere wa Tanzania alisisitiza kuwa watu hawawezi kulazimishwa kuishi kijamaa, washawishiwe. Novemba 1973 subira ikaisha: kuhamia vijijini kukawa amri, na mwisho wake ukapangwa 1976. Vijiji vikajaa. Jembe la shamba la pamoja, hata hivyo, mara nyingi lilishikwa shingo upande, maana aliyesombwa kwa lori hujifunza kuhesabiwa, si kushirikiana.

Mwalimu Nyerere alikuwa mtu mwema, na miaka sita ilimchosha. Mungu angeweza kutusomba sote kesho alfajiri, misikiti na makanisa yafurike. Angepata nini? Mahudhurio. Upendo na toba haviamriwi. Awezaye kuvitoa lazima aweze pia kuvinyima.

Jibu hilo halimtoshi mama aliyekuta ghala lake la mahindi limevunjwa usiku. Hiari ni ya mwizi, njaa ni ya watoto wake. Hapo bado namuuliza Mungu, na sioni kama amenikataza.