Lugha Tatu, Meza Moja

Mzazi mwenzangu uliyeamua kumsomesha mwanao nyumbani hapa Toronto, acha kujishusha. Unasema sarufi ya Kiingereza ina wenyewe, na kwamba lafudhi yako ya Tanga au ya Bukavu haikupi haki ya kuifundisha. Unaziona familia nyingine zikiwafundisha watoto wadogo Kiingereza sambamba na Kilatini, unajiambia hayo si yetu. Ni yetu! Tena mtoto anayezungumza Kiswahili huingia kwenye Kilatini akiwa na mtaji ambao mwenzake wa Kiingereza kitupu hana.

Tazama. Kiingereza husema "we will love", maneno matatu yaliyotengana. Kilatini husema "amabimus", neno moja. Mtoto wa Kiingereza huuliza nafsi imejificha wapi na wakati umeenda wapi. Mwanao hana haja ya kuuliza, kwa sababu tangu anajifunza kusema amekuwa akisema "tutapenda". Mwandikie maneno hayo mawili na myakate pamoja: tu-ta-penda, ama-bi-mus. Kiswahili hutanguliza nafsi, Kilatini huiweka mwisho, na wakati hukaa katikati kotekote. Akirudi kwenye Kiingereza ataona kuwa "we" na "will" zinafanya kazi ileile. Hapo ameshika nafsi, wakati na mzizi wa kitenzi kwa somo moja.

Endelea na upatanisho. Anayesema kitabu kizuri na vitabu vizuri hatashtuka kukuta "liber bonus" ikigeuka "libri boni". Kisha mpe fumbo la mtenda na mtendwa. "Puella puerum videt" ni msichana anamwona mvulana. Badilisha mpangilio, useme "puerum puella videt", na bado msichana ndiye anayeona, kwa kuwa miisho ya maneno ndiyo inayoamua. Jaribu kubadilisha hivyo nafasi za "girl" na "boy" katika Kiingereza, na maana itapinduka. Sasa mtoto ataelewa kwa nini Kiingereza hutenganisha "he" na "him". Hatakariri tena kanuni, atakuwa ameiona ikifanya kazi.

Wala usidhani desturi hii ni ngeni kwetu. Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Unguja, vijana wamesoma nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu kwa masheikh kizazi baada ya kizazi. Bara, Wakatoliki waliitikia misa kwa Kilatini hadi miaka ya 1960, na seminari zikakifundisha. Laurean Rugambwa, Mhaya wa Kagera, alisomea upadri katika seminari ya Katigondo nchini Uganda, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Kuisoma sarufi ya lugha ya pili kwa kina ni urithi wetu.

Na Kanada yenyewe inakurahisishia kazi. Mpe mwanao sarafu za mfukoni mwako. Za zamani zimeandikwa "Regina", malkia. Za Mfalme Charles zimeandikwa "Rex". Mwonyeshe nembo ya taifa: kaulimbiu yake ni ya Kilatini, nayo inaitaja bahari mara mbili, "mari" na "mare", nomino ileile katika sura mbili. Mwulize kwa nini imebadilika, kisha mtafute jibu pamoja.

Ukihofia kwamba lugha nyingi zitamchanganya mtoto, msikilize Ellen Bialystok wa Chuo Kikuu cha York, hapahapa Toronto. Katika utafiti wake wa miaka ya 1980 aliwapa watoto sentensi za ajabu, kama ile ya matofaa yanayoota puani, akawataka waamue iwapo sarufi yake ni sahihi. Watoto wa lugha mbili walimudu vizuri zaidi kuiweka maana kando na kuutazama muundo. Kuutazama muundo ndiko kusoma sarufi kwenyewe.

Sheria nayo iko upande wako. Ontario inamruhusu mtoto asiende shule ikiwa anapata mafunzo ya kuridhisha nyumbani, na mzazi hadaiwi cheti cha ualimu. Unaiandikia bodi ya shule barua ya kueleza nia yako, unaanza kazi. Vitabu navyo vipo. Minimus, kitabu cha watoto kilichotoka mwaka 1999, kinafundisha Kilatini kupitia familia iliyoishi Vindolanda, nchini Uingereza, enzi za Warumi. Maktaba ya umma ya Toronto ina matawi 100, na kadi yake ni bure kwa mkazi. Tenga dakika 20 kila siku: sentensi moja, lugha tatu, penseli moja. Kama hujui Kilatini, jifunze ukurasa mmoja mbele ya mwanao. Udongo uwahi ungali maji.

Lakini mpango huu wote unasimama juu ya jambo moja: Kiswahili kiwe hai nyumbani kwako. Wapo wazazi wanaokizima ili Kiingereza kikue haraka, na kwa kufanya hivyo wanamnyang'anya mtoto chombo bora kuliko vyote walivyonavyo. Usiwe mmoja wao. Zungumza naye Kiswahili kilichonyooka, msahihishe ngeli zake, mfundishe Kiingereza bila woga, mfungulie Kilatini. Mwalimu anayemhitaji ni wewe. Anza leo.