Uchumi Msiusome Peke Yake

Wajukuu zangu mnaotoka Musoma, Bunda na Butiama kwenda vyuoni mwaka huu, nisikilizeni kidogo. Mengi ya haya nimekwisha kuwaambia kaka zenu na dada zenu waliowatangulia. Wengine waliyashika, wengine waliyaacha yapite. Nimechoka kuyarudia, lakini nitayarudia, maana mzee akinyamaza, siku moja kijana atasema hakuna aliyemwambia.

Nasikia mmoja anakwenda kusomea uhandisi, mwingine uuguzi, mwingine sheria, mwingine kilimo, na chuo kinawaruhusu kuchukua pembeni masomo machache ya uchumi na maendeleo. Swali linalonifikia ni lile lile kila mwaka: "Babu, yatanisaidia kupata kazi?" Wapo pia wanaosema masomo hayo ni ya kuvusha tu, kwamba ukipata madesa usiku wa kuamkia mtihani inatosha, mradi usipate sapu. Hapo ndipo ninapoumia.

Somo la maendeleo lina historia katika nchi hii. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, walimu na wanafunzi walibishana sana pale Mlimani, kampasi ya chuo hicho: daktari, mwanasheria au mhandisi ataitumikiaje nchi asiyoijua inavyoishi na inavyokula? Katika mabishano hayo ndimo lilimozaliwa somo lililotakiwa kusomwa na wanafunzi wa fani zote, na mwaka 1973 ikaanzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Walter Rodney alikuwa akifundisha hapo hapo Mlimani alipotoa, mwaka 1972, kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Alikuwa mwanahistoria, na bado kitabu chake kimesomwa sana na watu wa uchumi. Ninyi mnaita somo hilo DS na kulikimbilia dakika ya mwisho. Lilianzishwa na watu walioona nchi inaweza kujaa wasomi na bado ikakosa mwenye kuijua.

Mtazameni Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alianza shule ya Mwisenge hapa Musoma. Akaenda Tabora, kisha Makerere, akarudi Tabora kufundisha. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, na mwaka 1952 akatoka na shahada. Kule hakujifungia katika fani moja. Alisoma uchumi wa siasa, historia ya uchumi, elimu ya jamii za watu, sheria ya katiba, falsafa ya maadili, historia ya Uingereza na fasihi ya Kiingereza. Ninyi leo mngesema ametawanya nguvu. Mimi nasema alijikusanyia kila alichohitaji mtu aliyekuwa anakwenda kubeba nchi. Katika maandishi yake utakuta bei ya mazao, heshima ya mtu na desturi za ukoo zikizungumzwa pamoja. Elimu ile aliisomea pamoja, kwa hiyo aliifikiria pamoja.

Na bado, wajukuu zangu, hata yeye na wenzake walipatwa na yanayompata kila apangaye mambo ya watu. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ilikutana katika mji huu huu wetu na kutoa Azimio la Musoma. Iliamuliwa kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977, na kwamba kijana asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka sekondari, bali kwanza afanye kazi na apimwe na wale anaofanya nao kazi. Madarasa yakajaa kweli. Watoto wa wachungaji na wa wavuvi waliokuwa hawajawahi kushika kalamu wakaishika. Lakini walimu hawakutosha, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafundishwe kazi ya ualimu haraka haraka, na kiwango cha elimu kikalegea kwa miaka mingi. Mtu wa hesabu alihesabu viti. Mwalimu wa darasani alijua kwamba kiti peke yake hakifundishi mtu. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na kila mmoja alimhitaji mwenzake mezani.

Miaka hiyo hiyo ya kati ya 1973 na 1976 kulikuwa na Operesheni Vijiji. Watu walisogezwa wakae karibu na barabara, shule, zahanati na maji. Barabara ilipimwa na visima vilipangwa. Mara nyingi haukupimwa umbali wa mama kutoka nyumba yake mpya hadi shamba lake la zamani, wala hakuulizwa mzee kwa nini baba zake hawakulima udongo ule waliopewa. Jambo jema likifanywa kwa elimu nusu huwaumiza watu wale wale lililokusudiwa kuwasaidia.

Msidhani hayo ni ya zamani. Nendeni Mwigobero asubuhi, mkatazame sangara anavyopasuliwa. Kabla ya kuulizia mnofu, vidole vya mpasuaji vinakwenda ndani kutafuta bondo, ule mfuko mweupe wa hewa. Analivuta taratibu lisichanike, analiosha, analiweka pembeni mbali na kila mkono usiohusika, kwa sababu mabondo yanakwenda Asia na kilo moja ya bondo kavu inaishinda kwa mbali sana bei ya kilo ya mnofu. Minofu ya viwandani inakwenda Ulaya. Mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki na nyama kidogo, ndiyo yanayokaangwa yakaliwa na watu wetu. Samaki mmoja, masoko matatu, na mtu wa ziwani amebaki na lile la mwisho.

Nani ataeleza habari hiyo yote? Mtu wa biolojia atakuambia sangara si wa asili ya ziwa hili. Alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala, aina nyingi za furu zikatoweka. Mtu wa sheria atakuambia sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Mtu wa uchumi atakuambia kwa nini mvuvi mwenye deni la nyavu na mashine kwa tajiri wake huvua yule mdogo hata kama sheria anaijua. Muuguzi atakuambia mtoto anakuaje katika kambi ya wavuvi ambako samaki mzuri anapita mbele yake kwenda kuuzwa. Ukimsikiliza mmoja wao tu, utatoa amri moja, na amri hiyo itavunjwa kesho yake.

Pandeni Bunda, upande wa vijiji vinavyopakana na Serengeti. Tembo wanaingia shambani usiku, na alfajiri mahindi ya msimu mzima yamelala chini. Serikali ina kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Hifadhi inaliletea taifa fedha za kigeni, hilo si la kubishia. Lakini hesabu ya taifa na hesabu ya kaya moja haziwi sawa kwa kuandikwa kwenye ripoti moja. Mwenye kusoma wanyamapori bila uchumi hataona kwa nini mkulima anamchukia tembo. Mwenye kusoma uchumi bila wanyamapori hatajua tembo anapita wapi, wala kwa nini uzio wa pilipili na mizinga ya nyuki hujaribiwa mahali pengine ukuta usipowezekana.

Mkitaka mfano wa nje ya mpaka, usio mbali, mtazameni Michael Kremer, Mmarekani aliyewahi kufundisha shule magharibi mwa Kenya. Baadaye, akiwa mchumi, yeye na Edward Miguel walifuatilia shule 75 za Busia ambako watoto walipewa dawa za minyoo, na mwaka 2004 wakachapisha kwamba utoro shuleni ulipungua kwa kama robo. Wasomi wengine walizirudia hesabu zao na wakabishana nao, na hivyo ndivyo elimu inavyokwenda. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Lakini angalieni kazi hiyo waliifanyia wapi: kwenye minyoo na kichocho, jambo la daktari, ndani ya darasa, jambo la mwalimu. Na kichocho sisi wa kando ya ziwa tunakijua.

Sasa nina mausia matatu, na naomba myashike.

La kwanza, msiikimbie hesabu. Wengi huchukua uchumi pembeni na kukariri maneno yake matamu, wakaruka takwimu. Mkulima wa Bunda akiuza kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi zinazotoka kiwandani ni kama theluthi. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni mbegu, na mbegu zinatoa mafuta na mashudu. Usipoweza kukaa na mkulima huyo kwenye ofisi ya AMCOS, chama chao cha ushirika, ukamwonyesha kwa kalamu faida ya kila sehemu inaishia kwa nani, na gharama ya dawa na vibarua imekula kiasi gani, basi cheti chako hakijamfaa.

La pili, fildi fanyeni nyumbani. Msikimbilie mjini kwa kufuata posho za semina. Butiama sasa kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu, na vijiji vinavyokizunguka vina maswali ya kutosha maisha yenu yote. Ulizeni wazee, ulizeni wauza dagaa, ulizeni kina mama wa muhogo na mtama. Wao ndio wanaojua mwaka gani mvua ilikosekana na ni jirani gani aliuza ng'ombe wa mwisho.

La tatu, mkimaliza utafiti, urudisheni kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji. Watu hutoa saa zao na siri za nyumba zao kujibu maswali ya wasomi, kisha ripoti inafungiwa kabatini katika lugha wasiyoisoma. Huo ni udhalimu, hata kama aliyeufanya ana shahada tatu.

Someni fani zenu kwa bidii: muuguzi awe muuguzi hasa, na mhandisi awe mhandisi hasa. Kisha chukueni uchumi na maendeleo, msiuchukue kwa ajili ya alama rahisi, na msiusome peke yake kama ndio elimu yote. Umaskini wa kaya ya Mara umesukwa kwa bei, maradhi, ardhi, sheria, samaki na mila, na anayetaka kuufumua lazima ajue kila uzi umepita wapi. Mkopo mnaosomea ni jasho la watu hawa wa pamba na dagaa, wengi wao hawakuvuka darasa la saba. Hawawadai fedha. Wanawadai mrudi mkiwa mnaweza kuwaeleza kwa nini wanafanya kazi sana na wanapata kidogo, na mbaki nao mpaka hali hiyo ibadilike.

Nendeni salama, wanangu, na mkasome.